Safari ya Sitini na Moja

Mvua ya Dundee ilikuwa ikinyesha sebuleni mwa Mhandisi Hilda Mntambo, huko Raskazone, Tanga, saa tano ya asubuhi yenye jua kali. Ilikuwa mvua nyembamba na ya baridi, isiyolowesha nguo, nayo ilitoka katika matundu madogo ya mashine ambayo Hilda mwenyewe aliibuni miaka kumi na miwili iliyopita na kuiita Kitangulizi. Chini ya miguu yake ulitandikwa mkeka-mwendo, zulia la mpira lililoinuka na kushuka kwa kufuata mawe ya barabara za mbali. Kwa hiyo Hilda, akiwa na kandambili miguuni, alikuwa akiteremka kilima cha mji ule wa Uskoti, huku mto Tay na daraja lake refu la reli vikionekana mbele yake.

Alipolifikia duka la mikate alitazama kioo cha dirisha. Mahali palipopaswa kuonekana sura ya mtu palikuwa na doa la ukungu, kama siku zote. Hakulijali, akaendelea na njia yake.

"Safari-kivuli ya sitini imekamilika," kilisema Kitangulizi kwa sauti ya adabu, na mvua ikakoma. "Karibu tena nyumbani, Mhandisi."

Hilda akachukua daftari lake na kuandika dakika alizotumia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na hakuwa amewahi kutoka nje ya Afrika. Alisomeshwa na masista ambao kwao kuchelewa kengele kulikuwa ni kosa la kuungamwa, na mafunzo hayo hayakumtoka kamwe. Safari ya kweli aliyokuwa akijiandalia ilikuwa ya siku mbili tu, lakini alikuwa ameipanga kwa muda wa wiki mbili. Alijua ngazi ipi ya kituo cha reli imelegea na benchi lipi hukauka upesi baada ya mvua, na alijua kwamba kutoka kituoni hadi mlango wa mwenyeji wake ni hatua elfu moja mia tisa na kumi na mbili.

"Wifi, umefika huko mara sitini na kandambili zako hazina hata tope," alisema Febronia, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa mezani akifunga majani makavu ya mchaichai katika karatasi. "Hata kaka yangu hakuja kwenu mara sitini kabla ya kukuposa, na wewe ulikuwa mgumu."

"Sitaki kumsumbua mwenyeji wangu kwa kuulizauliza njia."

"Msumbue! Mgeni asiyeuliza kitu ana faida gani?"

Mwenyeji huyo alikuwa Bi Elspeth Geddes, mjane, ambaye zamani alifundisha ufumaji katika mji huo uliowahi kusifika kwa viwanda vyake vya juti, nyuzi za kufumia magunia. Naye alikuwa shahidi wa Dundee. Mashahidi walikuwa wakazi wa miji mbalimbali waliokubali kuvaa mboni, yaani lenzi nyembamba juu ya macho, ambazo zilichukua kila walichokiona na kukipeleka katika Vitangulizi vya dunia nzima, navyo vikaongeza upepo, harufu na ladha. Kwa miaka kumi na mmoja Hilda alikuwa ameutembea mji ule kwa macho ya Bi Elspeth, na kila Ijumaa wanawake hao wawili waliandikiana barua. Walianza na mambo ya kazi. Baadaye wakaandikiana habari za mkonge na juti, za magoti yanayouma, na za waume waliotangulia.

Sasa Bi Elspeth alikuwa ameandika hivi: "Mwisho wa mwezi narudisha mboni na kuhamia Nyuzilandi kwa binti yangu. Njoo unywe chai kabla sijaifunga nyumba."

Hilda akaketi wima, akasema, "Kitangulizi, naomba kibali cha safari kwa ndege ya mwisho wa mwezi."

Jibu lilikuja mara moja. "Ombi limekataliwa. Safari-kivuli imemtosheleza msafiri. Hakuna jambo jipya lililobaki kwake huko Dundee."

Febronia aliacha kufunga mchaichai. "Kinasema nini hicho?"

Hilda alijua kinachosemwa, kwa kuwa sharti hilo alilitunga yeye. Tangu nchi zilipotia sahihi Sheria ya Anga, ndege zilikuwa chache, na haikuwa haki mtu achukue kiti kwa ajili ya kuona alichokwisha kukiona. Ni wale tu ambao safari-kivuli iliwabakizia jambo ndio waliopewa kibali. Naye, kwa uangalifu wake, alikuwa hakujibakizia chochote.

"Rufaa hupokelewa hadi saa sita mchana," kiliendelea Kitangulizi. "Taja jambo moja ambalo safari-kivuli haikukupa."

"Wewe si ndiye uliyekiunda?" alisema Febronia. "Una ufunguo wa fundi. Kifungue tumbo, ujiandikie kibali, tule chakula chetu."

"Ufunguo ule ni wa matengenezo, Febronia. Si wa kujipendelea."

"Haya, Mtakatifu Hilda. Kaa hapa na haki yako, mwenzako anywe chai peke yake."

Hilda akalishika daftari kwa mikono miwili. Akaigeukia mashine.

"Upepo wa mtoni," alisema.

"Umekupiga mara sitini."

"Mkate wa duka la pale kona."

"Umeonjeshwa ladha yake mara kumi na nne."

"Mwanga wa Juni, jua linapokataa kuzama."

"Umeuona mara tisa. Mara ya mwisho ulisema unakuumiza macho."

Febronia akacheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, na wifi yake alikuwa amelikunja daftari mikononi kama mtu anayekamua nguo. Kicheko kikamwisha.

"Basi nisimulie mimi," alisema kwa upole. "Huyo Elspeth wako anafananaje?"

"Mikono yake ina madoadoa, na pete imembana kidoleni. Akipanda kilima husimama mara tatu, hujifanya anatazama maua, kumbe anatafuta pumzi. Akimimina chai, kwanza huipasha birika moto. Uso wake..."

 Hilda alijiwa na lile doa la ukungu katika kioo cha duka la mikate. Macho hutazama nje, nayo hayawezi kumwona mwenye kuyavaa. Na pale ambapo kioo kingemwonyesha, mashine ilifuta. Sura na picha za mashahidi zilifichwa kwa ajili ya stara yao. Sharti hilo pia lilikuwa la kwake.

"Sijui," alisema.

"Miaka kumi na mmoja!" Febronia alipiga kofi mezani. "Kwetu Korogwe, ukiingia nyumba ya watu ukanywa chai yao usimwone mwenye nyumba, tunakuita mwizi!"

Hilda akasimama. "Kitangulizi, andika rufaa yangu. Sijamwona mwenyeji."

Kitangulizi kikapekua kumbukumbu zake kwa sekunde sita, muda ambao kwake ulikuwa mrefu mno. "Ni kweli," kilisema hatimaye. "Hakuna kumbukumbu ya uso wa shahidi yeyote. Kibali kimetolewa."

Febronia akapiga vigelegele. Lakini Hilda alibaki amesimama, kwa sababu alikuwa amelisikia neno moja ambalo wifi yake hakulisikia.

"Umesema wa shahidi yeyote. Ni wasafiri wangapi walionyimwa kibali kwa sharti langu?"

"Laki tatu na elfu kumi. Wa Dundee ni elfu nne na mia mbili."

"Na waliowahi kufika mlangoni kwa Bi Elspeth Geddes?"

"Hakuna."

Hapo Hilda akaikumbuka barua ya miaka mingi iliyopita. Bi Elspeth aliandika kwamba kila Ijumaa huoka mkate wa watu wawili, kisha akaongeza kwamba ni mazoea tu. Hilda alikuwa ameicheka barua ile, akidhani ni mzaha. Kumbe watu maelfu walikuwa wamepita katika macho ya mama yule, wakanywa chai yake na kupumzika kitini pake, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.

Kabla ya kugusa sanduku, aliketi akaiandikia idara inayosimamia safari. Alieleza kwamba sharti lile lina kosa, kwamba aliyelitunga ni yeye, na kwamba wote walionyimwa wana haki ya kuomba upya. Akatia sahihi kwa jina lake kamili. Ndipo akalifungua daftari na kuikata kwa mstari ratiba yote ya dakika kwa dakika. Alibakiza saa ya kufika tu, na chini yake akaandika kwamba saa ya kuondoka itategemea mwenyeji atamsindikiza hadi wapi.

Febronia alichungulia juu ya bega lake. "Sasa ndiyo safari hiyo. Na mchaichai usisahau."

Barua ya mwisho ilikuwa fupi. "Nitashuka kituoni saa tano asubuhi," aliandika Hilda. "Mimi ni mfupi, nitakuwa na kitenge cha buluu na kikapu cha mkonge. Nina ombi moja: siku hiyo usivae mboni."

Jibu lilifika kabla maji ya chai hayajachemka.

"Nitazivua kwa furaha," aliandika Bi Elspeth. "Lakini bila mboni mimi sioni mbali, kwa hiyo itakubidi usogee karibu."