Aliyepanda Rujewa

Mizigo yote ilikuwa imeshushwa tangu jana jioni, lakini asubuhi ile Adrian aliikuta pikipiki yake imekaa chini upande wa nyuma, kama inavyokaa ikiwa na mtu.

Hakushtuka. Alikuwa amechoka mno. Alikuwa mwalimu, amehamishwa kutoka Chunya kwenda Iringa, na kwa siku mbili walikuwa barabarani, yeye na mkewe Bupe. Kiuno kilimuuma. Walikuwa wamekubaliana kupumzika siku moja Mafinga, yeye atengeneze pikipiki, Bupe abaki gesti kufua nguo zilizojaa vumbi.

Gereji ya Gideoni ilikuwa ng'ambo ya barabara, jirani na kiwanda cha mbao. Fundi alikuwa amechuchumaa, akihangaika na cheni.

"Basi mwambie mama ashuke," alisema bila kuinua macho. "Ninyanyue tairi."

Adrian aligeuka. "Mama yupi?"

Gideoni akatazama kiti. Kilikuwa kitupu. Akajifuta uso kwa mkono wenye oili. "Basi, kaka. Labda usingizi."

Akafunga shokapu mpya. Zikashuka chini palepale. Wakashika wote wawili ili waiweke pikipiki kwenye stendi kubwa, wakashindwa, wanaume wazima wawili na pikipiki isiyo na hata mfuko. Hapo ndipo Adrian aliposikia harufu. Gereji nzima ilinuka maranda ya msonobari, lakini pale kwenye kiti palinuka tope la majaruba, tope bichi la mpunga, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na pumzi, nzito na ya taratibu, ya mtu aliyetembea mbali akapata mahali pa kukaa, ikipanda na kushuka, na kila iliposhuka springi nazo zilishuka kidogo, mpaka Gideoni akaiweka spana chini polepole, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mlisimama wapi jana?" alinong'ona.

"Njia panda ya Rujewa, kando ya majaruba. Ninyooshe mgongo tu."

Adrian akakumbuka. Pale njia panda, alipowasha tena, Bupe alimgusa bega akasema, "Twende, tumeshakaa." Hakusema nimeshakaa. Alisema tumeshakaa. Yeye alilisikia neno hilo, lakini uchovu ulimzuia kuuliza.

Gideoni alikwenda duka la vipuri la jirani, akarudi na mwenye duka, Mama Afroz, mjane wa Kihindi aliyejitanda mtandio wa kijivu. Hakuwa mganga. Ila watu walijua kwamba akisoma dua, mambo hutulia. Alikuja na chupa ya maji, akasimama mbele ya kiti kitupu kama anayemsikiliza mteja.

"Umetoka wapi?"

Ikatoka sauti ya mwanamke, kavu, kutoka pale kwenye kiti. "Majarubani."

"Unataka nini?"

"Kukaa."

"Hapa si pako. Shuka."

Akaanza kusoma, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, huku akinyunyiza maji. Alisoma muda mrefu, mpaka Gideoni akamshika kiwiko asianguke. Halafu springi zikalia, na pikipiki ikainuka yenyewe. Juu ya maranda ikatokea alama ya unyayo, mbichi, ya tope. Ikatokea ya pili. Zikaenda moja baada ya nyingine, bila haraka, zikatoka getini, zikavuka barabara kati ya malori ya magogo, zikaelekea gesti.

Adrian akazifuata.

Bupe alikuwa uani, karibu na kamba ya nguo. Beseni lilikuwa limepinduka. Alikuwa ameinama, mikono miwili ameifungia nyuma ya kiuno, akiyumba taratibu upande huu na ule. Tope lilichuruzika kwenye kanga yake mpaka kisiginoni.

"Bupe."

"Sema polepole," mkewe alinong'ona. "Ndiyo kwanza amesinzia."

Mama Afroz alifika nyuma ya Adrian akihema. Alimtazama Bupe kwa muda, kisha akaifunga chupa yake.

"Msomee na huyu," Adrian alisema. "Tafadhali, mama."

"Kwenye pikipiki alipanda. Huyu amembeba mwenyewe, kwa huruma yake. Siwezi kumtoa mgongoni kwake. Mwulize kama yuko tayari kumshusha."

Adrian akamsogelea mkewe. Uso wa Bupe ulikuwa umechoka kwa namna ambayo hakuwahi kuiona, macho yameingia ndani kama ya mzee.

"Mshushe, mke wangu. Mwache hapa."

Bupe alifikiri. Begani kwake pumzi ile ilipanda, ikashuka.

"Si hapa," alisema. "Tukishafika nyumbani."