Noémie Alivyompa Seth Kinywa

Noémie alikabidhi kurasa nne, akarudishiwa tano.

Hakugundua mara moja, maana macho yake yaliganda kwenye alama: kumi na nane juu ya ishirini, kwa wino mwekundu wa mwalimu wao, Assistant Isaïe, mtu ambaye kwake kumi na mbili tayari ilikuwa zawadi. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika: vizuri sana, ila ukurasa wa mwisho si Kiingereza. Noémie akafunua. Ukurasa wa tano ulikuwa na sentensi moja, kwa penseli, herufi kubwa zilizolalia kushoto: Mama, minyi niko na baridi.

Hakuwa na penseli. Lakini herufi zile alizijua, kwa sababu kaka yake Seth aliandika kwa mkono wa kushoto tangu utotoni na alichapwa sana kwa ajili hiyo bila kubadilika. Na Seth alikuwa hajaonekana katika mji wao wa Kamina tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, wanajeshi walipowapakia vijana wa mtaa kwenye lori na kuwapeleka vitani.

Ilikuwa Mei 1999. Chuo chao kilikuwa na madarasa mawili, na kila ndege ya Base, kambi ya jeshi la anga, ilipopita juu ya bati mwalimu alinyamaza, kisha akaendelea na Kiingereza chake kana kwamba vita ni mvua tu. Alifundisha kuandika hadithi. Zoezi la mwezi ule lilikuwa hili: chagua mtu asiyeweza tena kujisemea, ingia ndani yake, sema kwa kinywa chake. Atakayeshinda angepata nafasi moja ya kwenda kumalizia masomo Zambia, mbali na mizinga. Noémie aliitaka nafasi ile kuliko alivyotaka chakula, na tusimlaumu kwa hilo.

Kosa lake lilikuwa lingine. Mwezi Machi, Chrispin, aliyekamatwa siku moja na Seth, alirudi na mguu mmoja. Alimvizia Noémie karibu na stesheni.

"Seth alikufa, Noémie. Tulikuwa tunakimbia, akaingia mu mayi ya muto Lualaba, bakamupiga risasi mulemule. Hatukumuzika." Akafuta pua kwa kiganja. "Weye njo utaambia mama yako. Minyi siwezi."

Noémie aliapa kwamba atasema. Hakusema. Kila jioni mama yake, Mama Abigaïl, kiongozi wa wanawake wa kanisa la Methodiste, alimwombea Seth kwa jina, akimshukuru Mungu kwamba hakuna habari mbaya iliyofika. Binti aliinamisha kichwa na kuitikia amina. Halafu likaja zoezi, na yote aliyokuwa ameyameza yakatoka kwa kurasa nne, kwa Kiingereza: jina langu ni Seth, maji yalinijaa kifuani, mama yangu bado ananingoja. Aliandika huku akilia. Alipomaliza kulia alisoma tena, akapendezwa na alichoandika, akasahihisha vitenzi.

Ndiyo hivyo. Kifo cha Seth kilipewa alama kabla hakijapewa kilio.

Siku ile ya alama alirudi nyumbani akiwa mshindi, na tiketi ya treni ya Zambia mkononi, akakuta nyumba inanuka tope, tope zito la mabwawa lenye mizizi iliyooza, na Kamina ipo mbali na mto. Mama Abigaïl alikuwa amefungua madirisha yote akidhani panya amefia darini. Kesho yake saa saba mchana, jua limewaka, simenti ya sebuleni ilikuwa na alama za nyayo zilizolowa. Zilitoka mlangoni, zikapita meza, zikaishia mbele ya kitanda cha Noémie, na hakuna hata moja iliyoelekea kurudi.

Siku ya tatu walikaa mezani, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kama kawaida. Noémie akanyoosha mkono kumega, akaona ni mkono wa kushoto uliotangulia, akautaka urudi nao haukurudi, ukamega tonge kubwa la kiume na kulitia kinywani, na kinywa kikatafuna kikimeza haraka kama cha mtu aliyezoea kunyang'anywa, na huku akijitazama kwa hofu kana kwamba yuko nyuma ya mlango wa nyumba yake mwenyewe na ufunguo umebaki ndani, alisikia koo lake likikohoa maji, kisha sauti nene, ile ile iliyokuwa ikiimba besi kanisani, ikatoka kwenye midomo yake na kusema polepole:

"Mama, mayi ya kule iko baridi mingi."

Kijiko cha kupakulia sombe kilimwanguka Mama Abigaïl.

"Seth?" alinong'ona.

"Minyi njo huyu."

Hali ile ilimwachia jioni, na kitu cha kwanza Noémie alichofanya ni kukimbia stesheni. Kwenye behewa bovu waliishi wakimbizi waliotoka Mulongo, na kati yao bibi mmoja, Nkambo Kyabu, kilumbu, yaani mwanamke ambaye marehemu humpanda kichwani na kusema na walio hai. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika.

"Minyi, mbele ya kuachia mufu kinywa, ninajipaka pemba, ule udongo mweupe, mu uso, na kuko muntu wa kumurudisha kwake kazi ikiisha. Miaka kumi nilifundishwa! Weye ulifungua mulango na kalamu, ukaenda kulala?"

"Mwalimu njo alituambia, Nkambo. Ni devoir tu, zoezi ya masomo."

"Mwalimu yako alikufundisha kufunga?"

Noémie akatikisa kichwa.

"Basi sikia. Mama aliyemuzaa njo ataweza. Umuambie ukweli, balie kilio, amwange mayi ku mulango na amuambie: Seth, wende. Asipomuambia, ule hatatoka. Na weye utapunguka, kila siku kidogo."

Usiku ule hakulala, na asubuhi alimwambia mama yake kila kitu. Mama Abigaïl alisikiliza akiwa amesimama. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo:

"Assistant Isaïe alijua mutoto yangu amekufa, mbele ya minyi kujua?"

"Mama, nisamehe."

"Na alikupa ngapi?"



Jumamosi wanawake wa kanisa walitandika mikeka, wakaanza kuimba. Nkambo Kyabu alikaa nje ya ua, kwa heshima ya pasta. Mama Abigaïl alisimama kizingitini na beseni la maji. Mbele yake Noémie alitetemeka, nguo zimelowa ingawa hakuna aliyemwagia kitu. "Sema, mama," alisihi kwa sauti yake mwenyewe. "Sema aende. Jumatatu iko safari yangu ya Zambia." Kisha koo likakohoa, na ile sauti nene ikafuata: "Minyi sitakuacha, mama. Sina safari."

Mama alimtazama mtoto yule mmoja mwenye watoto wawili ndani yake. Mmoja alikuwa na tiketi ya treni, tena alimficha msiba wake miezi miwili. Mwingine alikuwa amerudi. Akaliweka beseni chini taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Murudie kwenu," aliwaambia wanawake. "Hapana muntu alikufa humu."

Jumatatu Assistant Isaïe alikuja mwenyewe na barua ya safari. Alimkuta Noémie uani, kichwa kimenyolewa, amevaa shati la kiume, akichanja kuni kwa mkono wa kushoto. Harufu ya tope ilimfanya mwalimu atoe kitambaa.

"Noémie iko wapi?" aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa juu yake.

"Alisafiri," alisema Mama Abigaïl.

Kilichobaki cha Noémie kilikuwa kidogo, lakini kiliwaza vizuri. Seth aliacha shule mapema, hajui hata salamu ya Kiingereza. Basi huko hawezi kumfuata. Alikusanya nguvu zake zote, akatafuta maneno mawili matatu ya Kiingereza, niokoe, niko humu ndani, na akayasukuma yatoke.

Kinywa kikafunguka. Kikatoka Kiingereza safi, chenye lafudhi aliyoinoa Noémie mwenyewe kwa miaka mitatu, lakini kwa sauti nene ya Seth: Noémie hayupo hapa, bwana, mpe mwingine nafasi yake.

Mwalimu alikunja barua, akaitia mfukoni, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ua. Mama Abigaïl alicheka kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, akampiga mwanawe begani.

"Assistant, umesikia? Seth yangu iko anajua Kingereza."