Nani Aligandisha Kipanya?

Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, wanafunzi wa Gredi ya Nane katika shule moja ya Mambrui huvua viatu mlangoni na kuingia chumba cha kompyuta. Swabra na Kache hukaa meza ya mwisho, yenye kompyuta mbili lakini kipanya kimoja na kibodi moja. Vyote vimeunganishwa kwenye kisanduku cheusi chenye kitufe, wanachokiita swichi. Ukibonyeza kitufe, kipanya kinahamia kompyuta ya Swabra. Ukibonyeza tena, kinarudi kwa Kache.

Muhula huo walikuwa wakichora ramani ya visima vya Mambrui, kuonyesha vile vilivyoingiwa na maji ya chumvi. Wazazi wangekuja kuitazama Ijumaa.

Alhamisi, Swabra alibonyeza kitufe na kuanza kuchora. Mshale ulisogea kidogo kwenye skrini, ukaganda. Akatikisa kipanya. Akabonyeza tena, kikafanya kazi kidogo, kisha kikaganda katikati ya mstari.

"Umekifanya nini?" alimuuliza Kache.

"Sijakifanya kitu. Hata kwangu kimeganda."

"Usinidanganye. Juzi kilikuwa kizima, na wewe ndiye uliyekishika mwisho." Sauti ya Swabra ilipanda. "Baba yako anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni. Mnashinda humo kwenye chumvi, kisha unakuja na mikono hiyo kutuharibia vitu vya shule."

Darasa zima likageuka kumtazama Kache. Kache alisimama.

"Mtaje baba yangu tena," alisema polepole, "uone."

Mwalimu Garama aliacha alichokuwa akiandika ubaoni, akaja.

"Mwalimu, Kache ameharibu kipanya," Swabra akawahi kusema. "Naomba ahamishiwe kundi jingine."

"Umejuaje kama ni yeye?"

"Yeye ndiye aliyekishika mwisho."

"Hilo halitoshi. Kache, keti tukipime."

"Samahani Mwalimu, siketi naye mpaka ijulikane," Kache alijibu. Alikichomoa kipanya kwenye swichi, akakichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Mshale ukaenda huku na huku bila kusita. Kisha akaazima kipanya cha Uweis, wa meza ya pili, akakichomeka kwenye swichi. Hakikufika mbali, kikaganda.

"Kipanya chetu ni kizima," alisema. "Ubovu uko kwenye swichi."

"Basi ni swichi uliyoiharibu," Swabra alisema. Hasira zilikuwa bado zimemkaba.

Mwalimu Garama aliinama chini ya meza akazifuata nyaya kwa mkono. Mbili zilikwenda kwenye kompyuta. Wa tatu, mwembamba, ulikuwa umelala sakafuni na plagi yake, haukuwa umechomekwa popote.

"Waya huu ndio unaoipa swichi umeme wake," alisema. "Ukichomolewa, swichi hutegemea umeme wa kompyuta peke yake, nao hautoshi. Ndiyo maana kipanya kinaganda. Nani ameuchomoa?"

Swabra akakumbuka. Jumanne, mwishoni mwa kipindi, Kache alipokwenda kunywa maji, yeye Swabra alikuwa amezidiwa na joto. Alichomoa plagi moja ukutani akachomeka feni, wala hakuangalia ni plagi ya nini. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza tu. Lakini alipoinua macho aliona wenzake bado wanamtazama Kache, na zile hasira zote zikamgeukia yeye mwenyewe.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka kuwasha feni."

Mwalimu Garama aliichomoa feni, akaurudisha ule waya. Taa ya kijani ikawaka kwenye swichi. Swabra alipojaribu kipanya, hakikuganda tena.

"Kache, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikusamehe kwa kipanya au kwa baba yangu?"

"Kwa yote mawili."

"Bado nina hasira nawe. Umeyasema mbele ya darasa zima. Basi kayafute mbele ya darasa zima."

Swabra alikwenda akasimama mbele ya ubao. Alisema kwamba yeye ndiye aliyechomoa waya, na kwamba maneno aliyosema juu ya baba yake Kache yalikuwa maovu, tena hayakuwa na haki. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini aliyamaliza.

"Sikilizeni nyote," Mwalimu Garama alisema. "Kitu kikiharibika, kipime kwanza, usikimbilie kumtafuta wa kulaumu. Kache alikuwa na hasira kuliko Swabra, lakini mikono yake ilitafuta ukweli. Naye Swabra amekosa, kisha amekiri ingawa hakuna aliyemwona. Kukiri ni kuzuri, ila angepima kabla ya kusema, leo asingekuwa na cha kukiri ila waya."

Kache alirudi kwenye benchi, akaketi mwisho kabisa, mbali kidogo na Swabra. Hakutabasamu. Alikisukuma kipanya kuelekea kwa mwenzake.

"Kisima cha karibu na msikiti hakijachorwa," alisema. "Anza nacho."