Boksi Lililopendelewa

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijakolea, Kiherehere alikuwa keshafika karakana ya shangazi yake kufunga maboksi. Jina hilo alipewa na bibi yake, naye hakuwahi kufanya jitihada yoyote ya kulikana. Maboksi yenyewe hayakuwa ya viatu. Yalikuwa ya kusafirishia chupa za plastiki zenye asidi ya betri, kile kimiminika kinachotoboa suruali na, ukizubaa, mwenye suruali pia.

Bila alama ya kibali, hakuna lori lililoruhusiwa kuyabeba. Na kibali hakitolewi kwa sura nzuri. Boksi hujazwa chupa zenye maji badala ya asidi, kisha huangushwa sakafuni, kwa kitako, kwa ubavu na kwa pembe. Likipasuka, hakuna kibali. Na bila kibali, mteja mkubwa wa shangazi angehamia kwingine na karakana ingefungwa.

Siku ya ukaguzi, shangazi alipanga maboksi ya majaribio mezani, akaenda kumpokea mkaguzi getini. Kiherehere akayatazama kwa huruma ya mzazi anayepeleka watoto kwenye mtihani. Akachukua selotepu, akaongeza utepe wa pili chini ya kila boksi, na wa tatu kwa ajili ya baraka. Hakumwambia mtu. Wema haujitangazi.

Mkaguzi, mama mwembamba asiyecheka ovyo, aliliangusha la kwanza kwa pembe. Likatua, likatulia kama mtoto mwenye adabu. La pili vivyo hivyo. Shangazi akamkonyeza Kiherehere, naye Kiherehere akavimba kichwa. Kisha mkaguzi akalipindua moja, akapapasa selotepu, akauliza kama yote hufungwa namna ile, maana kibali kingeandikwa hivyo hivyo, na boksi lolote la namna nyingine lingekuwa limebeba alama ya uongo.

Shangazi akainama kulitazama boksi. Tepe zile alikuwa akiziona kwa mara ya kwanza.

Kiherehere akamkumbuka dereva wa lori, mzee mcheshi anayeketi na mzigo huo mgongoni pake. Akapiga hatua mbele.

"Ni mimi, shangazi. Niliyaongezea. Nilitaka yafaulu."

"Yafaulu yapi?" mkaguzi akauliza. "Haya ya mezani, au yale yaliyojaa stoo?"

Akaagiza boksi lolote kutoka stoo, lijazwe chupa za maji na kufungwa kama siku zote. Likaangushwa. Kitako kikaachama, chupa zikapasuka, maji yakamfikia shangazi miguuni.

"Ingekuwa asidi," shangazi akasema taratibu, "sasa hivi ningekuwa sina viatu. Wala vidole."

Kibali hakikutoka siku hiyo. Shangazi alimpigia mteja, akamweleza ukweli wote. Mteja akanung'unika, lakini akakubali kusubiri. Wakabadilisha selotepu, wakachukua ile pana inayopanda hadi ubavuni, wakafunga kila boksi kwa namna moja. Kiherehere alifunga mpaka vidole vikagoma. Mkaguzi aliporudi aliingia stoo mwenyewe, akachagua kwa mkono wake, akaangusha mpaka akachoka. Hakuna hata moja lililofunguka. Akagonga alama.

Kabla ya kuondoka alimwita Kiherehere kando.

"Mwanangu, mimi sipimi boksi ulilolipendelea. Napima lile utakalolifunga siku umechoka na hakuna anayekutazama. Hilo ndilo linalopanda lori."