Onyo la Mstari wa Tisa

Sanduku lilimponyoka Hyasinta katikati ya Kariakoo, na kadi mia mbili zenye matundu zikatapakaa kati ya mafungu ya nyanya. Kila kadi ilikuwa mstari mmoja wa programu ya Fortran, lugha ya kompyuta, na kompyuta ya ofisini kwao haikutaka mchezo na mpangilio. Kijana mmoja mwenye suruali ya pekosi, pana miguuni, akainama kumsaidia.

"Dada, hizi karata za mchezo gani?"

"Za kugawa sukari. Usizikanyage, kaka."

"Mimi ndiye muuzaji wa duka la ushirika, Msimbazi. Kumbe naokota mzigo wangu mwenyewe."

Aliitwa Mbaruku. Kwa miezi mitatu simu ya ofisi haikupoa.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Basi mama anatafuta mshenga. Jiandae."

Mwezi huo ikatangazwa kila kaya ipate kilo moja na nusu ya sukari. Hyasinta akakiweka kiasi hicho mwanzoni mwa programu, kisibadilike hadi mwisho. Kompyuta ikachapa onyo kwenye mstari wa tisa: namba imekatwa ilipowekwa. Akamwonyesha mkuu wake, Pantaleo.

"Onyo si kosa," alisema Pantaleo. "Kosa ndilo linalosimamisha kazi. Imesimama?"

"Haijasimama."

"Chapa orodha, lori linasubiri."

Sukari ya Mbaruku iliisha kaya mia zikiwa bado kwenye foleni. Watu wakamwita mlanguzi, wakamnyang'anya funguo za duka.

"Mzigo ulikuja pungufu, Hya," alimwambia kwenye simu. "Wallahi sikuuza hata kijiko."

"Mashine haikosei, Mbaruku. Niambie kweli tu, sitakuacha."

Mbaruku akakata simu.

Siku kumi baadaye Hyasinta alikuwa akipanga karatasi za zamani. Akakutana tena na lile onyo, na safari hii akajiuliza: kimekatwa nini? Nafasi aliyoitenga ilikuwa ya namba nzima tu. Moja na nusu ilipoingia, nusu ilitupwa, ikabaki moja, na duka likapelekewa kilo moja tu kwa kila kaya. Alikimbia na karatasi hadi ofisi ya tawi la chama, akakiri mbele ya kamati, na Mbaruku akasafishwa siku ileile. Lakini Mbaruku alikuwa ameshahamia Kilwa na mama yake, maana majirani walikuwa wameacha kuwaitikia salamu.

Alipiga simu mara moja tu, kutoka posta ya huko.

"Nimesikia ulichofanya. Ahsante."

"Rudi, mpenzi. Nimekosa, naungama."

"Nimeshakusamehe, Hya. Lakini nilikuambia kwa mdomo wangu, ukasubiri karatasi. Mama hataki tena habari ya posa, na mimi sina nguvu ya kumbembeleza."

"Hata barua?"

"Usiniandikie."

Hyasinta akarudi kwenye meza yake, akatoboa kadi mpya yenye nafasi ya desimali, akaipeleka kwenye mashine. Karatasi ikatoka haina onyo hata moja. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, huku machozi yakimdondoka, na Pantaleo akamuuliza kama orodha iko tayari.