Kihisi Namba Saba

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi juu ya mawe, chini ya nguzo ya tatu ya daraja. Mkanda wa usalama ulikuwa bado umefungwa kiunoni. Ndoano yake ilikuwa imeshika kipande cha reli ya chuma ya kujishikia, chenye urefu wa kama mita moja, kilichoanguka pamoja naye.

Inspekta alichuchumaa akaikagua ile ndoano. Ilikuwa imefungwa sawasawa. Akauliza ni nani aliyesema fundi huyu hakujifunga mkanda.

Koplo alifungua daftari lake. Aliyesema ni mhandisi wa daraja. Kwa maelezo yake, fundi alishuka kwenye jukwaa la ukaguzi linaloning'inia chini ya barabara bila ruhusa na bila mkanda. Alijitakia mwenyewe.

"Aliyasema haya kabla ya kuiona maiti?"

"Kabla, afande. Na marehemu ni shemeji yake. Alimuoa mdogo wake mhandisi, wa tumbo moja."

Mtaalamu wa uchunguzi aliokota bolti mbili kwenye mawe. Hazikukatwa kwa msumeno. Zililika polepole, kwa kutikiswa miezi mingi, mpaka jukwaa likakosa pa kushikia. Fundi alipokanyaga, likainama naye.

Chumba cha ufuatiliaji kilikuwa mwisho wa daraja. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu, feni moja na mhandisi, mwanamke wa makamo mwenye macho makavu, mikono ameibana kwapani. Alieleza kazi yake haraka haraka. Vihisi kumi na viwili vimebandikwa chini ya daraja, vikiandika kila mtetemo usiku na mchana. Kitu kikianza kulegea, mtetemo hubadilika kabla jicho halijaona. Rekodi ilikuwa na miaka tisa na haikuwa na pengo hata la saa moja. Hilo alilisema mara mbili.

"Kilicho karibu na jukwaa ni kipi?" Inspekta aliuliza.

"Namba saba."

"Kimeandika nini miezi hii?"

"Shwari."

"Bolti zimelika mahali palipo shwari?"

Mhandisi alitazama feni. Akasema chuma nacho kina mambo yake.

Simu ya marehemu ilionyesha kwamba saa mbili na dakika arobaini asubuhi alimpigia mhandisi, wakaongea dakika nne. Mhandisi alidai shemeji yake alikuwa anaomba likizo. Inspekta hakubishana naye. Aliamuru daraja lifungwe, akaondoka na karatasi za vihisi namba sita, saba na nane.

Kituoni, Koplo aliitazama mistari ile akakuna kichwa. "Afande, mimi mke wangu akinuna sielewi kanuna nini. Daraja nitalielewa?"

"Huhitaji kulielewa. Tafuta mahali ambapo jirani hawafanani."

Walipata Jumapili moja. Namba sita na nane zilikuwa na mitetemo ya magari tu. Namba saba ilikuwa na mitetemo midogo midogo, myepesi, maelfu kwa maelfu, kwa saa mbili mfululizo. Kama miguu.

Inspekta aliduwaa. Jumapili kama hiyo, mwaka uliopita, watu walikimbia mbio za barabarani wakapita daraja lile. Binti yake alikuwemo. Alirudi na malengelenge, akaisumbua nyumba wiki nzima kana kwamba amejifungua. Mwaka huu mbio zilihamishiwa uwanjani. Hakuna aliyekimbia darajani.

Akaagiza karatasi za mwaka uliopita. Akaziweka juu ya za mwaka huu, akazibandika kwenye kioo cha dirisha. Mistari ya namba saba ikalaliana, ikawa mstari mmoja.

Mhandisi aliletwa chumba cha mahojiano alasiri ya siku ya tatu. Alipoziona karatasi dirishani, alikaa kabla ya kuambiwa akae.

"Namba saba kilikufa lini?"

"Miezi saba iliyopita. Maji ya mvua yaliingia."

"Ukafanya nini?"

"Niliagiza kingine, hakikuja. Nikanakili rekodi ya mwaka jana, wiki kwa wiki, ili hali ya hewa ifanane. Joto hubadilisha mtetemo wa chuma. Mtu akikagua asingeona."

"Kwa nini?"

Alisema rekodi za madaraja mengine yote zina mapengo, na yeye kila mkutano aliwacheka wenzake kwa mapengo yao. Alipanga kujaza wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa mwezi. Kufikia mwezi wa nne alikuwa anajaza huku anakunywa chai, hata hafikirii.

"Asubuhi ile shemeji yako alitaka nini?"

Koplo aliacha kuandika.

"Alisema, 'Shemeji, hapa chini panagongagonga, sipaamini, nishuke nisishuke?' Nikafungua skrini nimwangalilie. Namba saba. Shwari kabisa. Nikamwambia shuka, pako salama." Alijifunika uso. "Afande, nilisahau. Naapa nilisahau kwamba ile niliiweka mimi. Nilimsomea ya mwaka jana."

"Na ya mkanda?"

"Nilikumbuka nilipoambiwa kaanguka. Nikatafuta kosa lake."

Nje kwenye korido mjane alikuwa amekaa kwenye benchi tangu mchana. Alikuwa amemletea dada yake shali na chakula, na amemlalamikia kila askari aliyepita kwamba wanamsumbua mtu mwenye msiba. Tangu juzi, mhandisi alisema, wanalala kitanda kimoja, na mdogo wake ndiye anayembembeleza yeye.

"Mtamwambia nyinyi?" aliuliza.

"Hapana," Inspekta alisema, akafungua mlango. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Anza na simu."

Mjane aliinuka upesi akamfunika dada yake shali mabegani, akaifunga vizuri kwa mbele. Mhandisi alisimama akiwa amefungwa vile, akaanza na simu.