Alama Miguuni mwa Wachuka

Kila Jumamosi, umande ukiwa bado haujakauka, Wachuka na baba yake Muriithi walikuwa shambani kwao kijijini Wamagana wakichuma majani ya chai. Majani mawili na kichipukizi, unatupa kikapuni mgongoni, unasogea. Zamani Wachuka alijaza kikapu kabla ya saa nne. Mwaka huo, akiwa na miaka kumi na miwili, hakufikisha hata nusu. Alichoka kabla ya kuanza. Tumbo lake lilivimba upande wa kushoto, na baba alikuwa amemnunulia dawa ya minyoo mara tatu.

"Minyoo gani hii isiyokufa?" baba aliuliza, naye pia amechoka.

Hakujua yote. Pua ya Wachuka ilikuwa ikitoka damu mara kwa mara, na miguuni alikuwa na alama nyeusi zilizojitokeza zenyewe. Alizificha kwa soksi ndefu. Mwaka juzi mama yake alipelekwa hospitali na hakurudi. Wachuka hakutaka kwenda huko.

Jumatano, soksi moja ilishuka darasani. Mwalimu Mutanu akaziona alama.

"Nani amekupiga hivi?"

Angesema hajui, angepelekwa hospitali. Akatazama dawati la jirani. "Ni Ken. Hunipiga mateke."

"Mimi? Ati mimi?" Ken alisema.

Ken alikuwa mtundu, na watundu hawaaminiki haraka. Akarudishwa nyumbani alete mzazi.

Jumamosi hiyo, Wachuka na baba walipofika kituo cha chai kupima majani, hapakuwa na pa kukanyaga. Lori la kiwanda lilikuwa limekwama kwenye matope tangu siku iliyotangulia. Magunia yalijaa mpaka mlangoni, na karani hakuwa na mahali pa kutundika mizani. Ken alikuwa kwenye foleni na kikapu cha nyanya yake, ambaye yeye humwita Cucu.

"Sijakugusa, na unajua," alimwambia Wachuka polepole. "Cucu amesema Jumatatu nahamia kwa mjomba mjini Kenol, nikaoshe magari. Ati shule imenishinda."

Wachuka alitaka kujibu. Badala yake tone la damu likaanguka kwenye majani, kisha lingine. Baba akageuka.

"Baba, Ken hakunipiga," alisema, mkono puani. "Hakuna aliyenipiga. Zinatoka zenyewe. Niliogopa hospitali."

Baba hakumgombeza. Alimvua kikapu, akakiacha palepale. Walipitia kwa Mwalimu Mutanu, Wachuka akarudia maneno yale yale, kisha wakaenda hospitali mjini Nyeri.

"Alama hizi zilianza lini?" daktari aliuliza. Safari hii Wachuka alisema yote.

Vipimo vilichukua wiki nyingi. Walimtoboa mfupa wa nyonga kwa sindano, wakachukua uboho, ile rojo ya ndani inayotengeneza damu. Iliuma. Mwishowe daktari aliwaita.

"Mmewahi kuona kituo cha chai lori lisipokuja?"

"Tumeona," baba alisema.

"Basi ndivyo. Kuna mafuta fulani ambayo mwili huyavunja na kuyaondoa. Mwili wa Wachuka hauna nguvu hiyo, alizaliwa hivyo. Mafuta yanabaki ndani ya seli, seli zinavimba, zinajazana kwenye uboho na kwenye bandama hapo kushoto. Damu inakosa mahali pa kutengenezewa. Ugonjwa unaitwa Gaucher. Dawa ipo, ataingiziwa kwenye mshipa kila wiki mbili. Tumeshaomba apewe."

Muhula uliofuata, tumbo lilikuwa limeanza kupungua. Ken hakwenda Kenol. Wachuka alimwomba msamaha mbele ya darasa zima.

"Sawa," Ken alisema. "Lakini ukianguka leo, mimi niko huku nyuma. Watu waone si mimi."

Darasa likacheka, hata Mwalimu Mutanu.

Jioni, baba alikaa naye kizingitini.

"Hospitali haikumuua mama yako," alisema. "Alikuwa akiniambia haumwi, mpaka siku aliyoshindwa kusimama. Tulichelewa. Wewe nawe ulificha, na mtoto wa watu akakaribia kulipa. Ukiumwa, sema. Ukiwa huna jibu, sema hujui. Hiyo si aibu."

"Nimesikia, baba."

Kikapu cha Wachuka kilikuwa kimetundikwa ukutani. Baba alisema kitangoja mpaka yeye mwenyewe atakapokiomba.